Waacheni Wazee Wetu na Uhuni Wao

Kila Jumapili vipindi vya zilipendwa vinapoanza redioni, nchi nzima hugeuka mahakama. Hukumu mnaijua, maana haijabadilika kwa miaka mingi: muziki wa zamani ulikuwa na ujumbe, ulikuwa na maadili, ulikuwa wetu, wa siku hizi ni kelele, matusi na kuiga. Husomwa kwenye daladala, kwenye harusi, kwenye vijiwe vya kahawa, na waheshimiwa nao huirudia kila msanii anapofungiwa wimbo. Vijana wakiisikia hukaa kimya, ama kwa adabu ama kwa kuchoka. Mimi sikai kimya, ingawa sijatumwa na vijana hao na nyimbo zao nyingi hazinikoshi. Nimekuja kuutetea muziki wa zamani dhidi ya watu wanaousifu, kwa sababu sifa wanazoupa si zake, na zile zilizo zake wanazificha.

Tuanze na maadili, rungu linalopendwa kuliko yote. Mwaka 1928 Siti binti Saad na kikundi chake walisafiri hadi Bombay kurekodi santuri za kampuni ya HMV, na sahani zile zikarudi kuuzwa pwani hii. Leo jina lake ni la heshima tupu. Chama cha wanahabari wanawake, TAMWA, kimeliita jarida lake Sauti ya Siti, na Shaaban Robert mwenyewe alikaa akaandika wasifu wake. Ukimsikia mtu mzima anamtaja, utadhani alikuwa mwalimu wa madrasa.

Sasa sikilizeni alichoimba. Wimbo wake maarufu wa Kijiti ni habari ya mauaji yaliyotokea kweli. Mwanamume anamchukua mwanamke mjamzito kwenda naye ngomani, kuna ulevi, mwanamke anauawa, muuaji anavuka maji kukimbilia Dar es Salaam, na mahakamani wanaoumia ni wanawake waliokwenda kutoa ushahidi. Siti anataja majina. Mahakama ya mkoloni anaisuta bila kuficha uso. Wimbo wa namna hiyo ukitoka leo, na majina ya watu walio hai ndani yake, mwimbaji ataitwa na baraza la sanaa, BASATA, kabla wimbo haujafika Chalinze, na watakaosema ameivunjia jamii heshima ndio hawa hawa wanaotuambia kwamba zamani watu waliimba kwa staha.

Wa zama zake nao hawakumwona mwenye staha. Alizaliwa Fumba katika ukoo uliotoka utumwani, akaanza kujulikana mjini kama muuza vyungu. Taarabu ya wakubwa, tangu Sultani Barghash alipomtuma Mohamed bin Ibrahim kwenda Misri kujifunza ala ya ganuni, iliimbwa Kiarabu, na Ikhwani Safaa iliyoanzishwa 1905 ilikuwa klabu ya waungwana. Huyu wa shamba akaja na Kiswahili cha Ng'ambo, cha wachukuzi na wapishi. Walimcheka asili, wakamcheka sura, wakamtungia kejeli. Alipokwisha kukubalika hadi kwenye majumba ya masultani, waliomcheka wakasahau kwamba walimcheka, na wajukuu zao wakaurithi usahaulifu huo pamoja na santuri.

Tunaambiwa pia kwamba taarabu iliharibika miaka ya 1990, Khadija Kopa na kikundi cha TOT walipoanza kurushiana mipasho na kikundi cha Muungano jukwaani. Iliharibika kutoka wapi? Unguja ya kabla ya Mapinduzi ilikuwa na klabu za taarabu za wanawake zenye majina kama Royal Air Force na Royal Navy, majeshi ya Mwingereza ya angani na majini, na kina mama hawakujipa majina ya kivita kwa ajili ya kukaa wakisalimiana. Walivamiana kwa nyimbo. Mombasa, vyama vya lelemama vilitungiana beti za kuumbuana. Kwenye ngoma ya beni, yenye vyama vya Kingi na Skochi huko huko Mombasa, Marini na Arinoti upande wa Tanganyika, vijana walivaa sare, wakapiga tarumbeta, wakatukanana kwa mashairi na kumaliza akiba zao kwa mashindano ya karamu. Mtu anayedhani mipasho ilizaliwa na kaseti hajawahi kumuuliza bibi yake alicheza nini ujanani. Amuulize. Lakini achague saa ambayo wajukuu wengine hawapo.

Ujumbe nao una kesi yake. Tanzania Bara haikuwa na kiwanda cha santuri. Bendi ikitaka sahani ilitazama Nairobi. Ikitaka kusikika nchini ilikwenda studio ya Redio Tanzania Dar es Salaam, na kabla ya kupiga hata noti moja ilikabidhi mashairi yaliyoandikwa ili yapitiwe. Yaliyopita yalirekodiwa, yakarushwa, yakahifadhiwa. Yaliyokataliwa yalibaki kwenye kumbi na baa, yakafa pamoja na waliokuwa wakiyacheza. Kwa hiyo mzee anaponiambia, "Sikiliza zilipendwa zote, utakuta tusi?", anasifia kazi ya kamati akidhani anasifia tabia ya watunzi.

Na kamati haikuchuja matusi peke yake. Remmy Ongala alipotoa Mambo kwa Soksi mwanzoni mwa miaka ya 1990, akihimiza kondomu wakati ukimwi unateketeza familia, redio ya taifa ilikataa kuupiga. Ni ujumbe gani wa miaka ile uliokuwa na maana kuliko huo? Ndio uliofungiwa mlango. Remmy alifariki Desemba 2010, na tangu hapo kila anayetafuta mfano wa msanii mwenye hekima humtaja yeye, huku wimbo wenyewe ukikwepwa kwa upole.

Tena walikuwapo walioimba ujumbe mtupu. Bendi zilirekodi nyimbo za Azimio la Arusha, za ujamaa, za kilimo, za chama, maana ndizo zilizopita kwa urahisi. Nani anapiga simu studio leo kuziomba? Watu wanaomba Georgina, wanaomba Zuwena, wanamtaka Marijani Rajab akilalamika mapenzi. Wanaomba Malaika ya Fadhili William, ambayo habari yake yote ni kijana anayetaka kuoa na hana pesa. Mapenzi na pesa: vitu viwili hasa ambavyo vijana wa Bongo Fleva wanalaumiwa kwamba hawajui kuimba kingine. Wimbo wa kilimo umekufa, wa mapenzi unaishi, halafu anayeucheza anasimama kuhubiri kwamba aliupendea mafunzo.

Na wale wanaosema vijana wamejiuza kwa makampuni, kila video chupa ya kinywaji mbele? Miaka ya 1950 Peter Colmore, mfanyabiashara wa burudani wa Nairobi, aliwatumia wapiga gitaa maarufu kutangaza bidhaa. Edouard Masengo, fundi wa gitaa kutoka Katanga, aliiimbia Coca-Cola. Gitaa lake halikuharibika kwa hilo, na wala hakuna aliyemwita msaliti wa utamaduni. Msanii ana njaa kama mtu mwingine.

Sasa kuiga. Vijana wameacha asili, wanafuata Wanaijeria na amapiano ya Afrika Kusini. Mwenye hoja hii naomba avute kiti. Mwaka 1933 HMV ilianza kuuza Afrika mfululizo wa santuri uliojulikana kwa herufi G.V., na sahani ya kwanza ilikuwa El Manisero ya Don Azpiazú na okestra yake ya Havana. Zilishuka bandarini, zikapanda reli, zikawakuta vijana wa Tanga, Morogoro na Tabora ambao Kihispania hawakukijua hata kwa harufu. Mmoja wao, Salum Abdallah wa Morogoro, alizipenda mpaka bendi yake ikaitwa Cuban Marimba. Fikirieni leo kijana wa Kihonda aanzishe kundi aliite Lagos nini sijui: tungeandika tahariri wiki nzima juu ya utumwa wa mawazo. Dar es Salaam Jazz Band ilianza 1932, wakafuata Morogoro Jazz, Kilwa Jazz, Tabora Jazz, Western Jazz, na walichopiga Wamarekani wa New Orleans wasingekitambua kuwa jazi. Kwa vipimo vya leo wote hao ni waigaji sugu.

Walikuwa waigaji kweli, na hapo ndipo uzuri ulipo. Salum Abdallah aliuchukua mdundo wa Havana akauvalisha Kiswahili cha mjini chenye vina na vijembe, na alipofariki kwa ajali ya gari mwaka 1965 alikuwa ameacha nyimbo ambazo hakuna Mcuba anayeweza kuzidai. Aliiga kwa njaa, kwa kusikia vibaya baadhi ya mambo na kuyajaza ya kwake pale aliposhindwa. Kijana wa Temeke mwenye kompyuta na spika mbovu anafanya hivyo hivyo na ngoma za Johannesburg. Wengi watashindwa, kama walivyoshindwa wengi wa enzi za Salum ambao majina yao hayapo popote.

Lawama za kuiga zilikuwapo siku zile zile. Desemba 1962, Mwalimu Nyerere alipotangaza wizara ya utamaduni na vijana, alisikitika hadharani kwamba Watanganyika wanaijua rumba na chachacha, na wengi hawajawahi hata kuzisikia ngoma za kwao. Rumba na chachacha! Yaani muziki huu huu ambao leo ndio asili tunayoamriwa kuirudia. Novemba 1969 mkuu wa mkoa wa Pwani akapiga marufuku muziki wa soul Dar es Salaam, mwaka ule ule ambao kampeni ya Operesheni Vijana ilikuwa ikiwaandama wasichana waliovaa vimini. Walionyoshewa kidole siku ile ndio babu na bibi wanaonyosha kidole leo. Na mpiga gitaa wa enzi hizo, jamani, alikuwa mhuni kwa maelezo ya kila mzazi mwenye binti: anarudi alfajiri, ananuka sigara, kazi yake haina pensheni. Ukienda kuposa ukiwa na solo mkononi ulijitafutia aibu.

Kuna lawama nyingine inayosemwa na wajuzi zaidi, kwamba wimbo wa siku hizi ni mfupi, dakika mbili na nusu umekwisha, kwa kuwa vijana hawana subira. Siku moja itafuteni sahani ya enzi za Siti mkaishike. Ni nzito, nyeusi, huvunjika ikianguka, huzunguka mara 78 kwa dakika, na upande mmoja hubeba kama dakika tatu. Taarabu ambayo ukumbini ingekwenda na kwenda, ubeti ukirudiwa kila mtu anapoinuka kutunza, studioni ilikatwa ikaenea hapo. Ala zinafungua, sauti ya Siti inaingia juu ya mkwaruzo unaolia kama mafuta kaangoni, na kabla hujakaa vizuri sindano imefika katikati. Sahani ndogo za 45 za miaka ya 1960 na 1970 nazo ni yale yale: upande wa kwanza waimbaji wanamaliza beti, solo inaanza kuchokoza, mdomo wa bata unaingia, na pale chemko linapotaka kupamba moto fundi mitambo anaishusha sauti mpaka inapotea. Unainuka, unageuza sahani, sehemu ya pili. Hakuna mzee aliyewahi kusema Mbaraka Mwinshehe wa Morogoro Jazz hana subira.

Nyimbo ndefu mnazozikumbuka, za bendi kama Mlimani Park na Maquis, zilirefuka kwa sababu utepe wa Redio Tanzania uliruhusu, na kwa sababu ukumbini watu walikuwa wamelipa kiingilio wacheze hadi usiku wa manane. Sasa anayepanga urefu ni simu ya mkononi. Tabia ya vijana haimo.

Hapa mtaniuliza: na vyombo je? Nakubali, tena bila kusukumwa. Ukisikiliza magitaa ya Morogoro Jazz yanavyopishana, hili linauliza, hili linajibu, la tatu linasogeza mdundo mbele bila kumgonga mwenzake, unajua kwamba hayo hayapatikani kwa mtu mmoja aliyejifungia chumbani na kompyuta. Ni hasara, nami naililia. Ila nani aliyeviondoa vyombo? NUTA Jazz, iliyoanzishwa 1964, ilikuwa mali ya chama cha wafanyakazi. Mlimani Park ilikuja kumilikiwa na Shirika la Maendeleo Dar es Salaam, DDC. UDA Jazz ilikuwa ya shirika la mabasi, Bima Lee ya Shirika la Bima, Vijana Jazz ya umoja wa vijana wa chama. Mwanamuziki aliajiriwa, akalipwa mshahara, na gitaa lilikuwa mali ya mwajiri. Mashirika yalipoyumba na kuuzwa, hakuna kijana wa kufokafoka aliyeingia usiku kuiba tumba. Mpaka na Kenya ulifungwa 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika, njia ya kwenda viwanda vya santuri vya Nairobi ikazibika. Kisha kaseti zikanakiliwa kwenye vibanda vya kila mtaa, na sheria mpya ya hakimiliki ikaja 1999, Mbaraka akiwa kaburini miaka ishirini na Marijani miaka minne. Lawama hizo zina anwani, na anwani yenyewe si Tandale.

Ukiziondoa hoja hizi moja moja, kinachobaki ni umri. Wanasaikolojia waliochunguza kumbukumbu wanasema nyimbo zinazotushika kuliko zote ni zile tulizozisikia tangu balehe hadi miaka ya ishirini na kitu. Hakuna aibu hapo. Mimi mwenyewe nina zangu, na mkizisikia mtacheka. Aibu ni kuigeuza kumbukumbu ya ujana kuwa sheria ya nchi. Na sasa kituko kimeanza upya: waliokuwa vijana mwaka 2001, Professor Jay alipotoa Ndiyo Mzee na wazazi wakasema kufokafoka si kuimba, wameota mvi. Jay na rapa mwenzake Sugu walipata hata kuwa wabunge. Mashabiki wao wanatuandikia kwamba Bongo Fleva ya zamani ilikuwa na ujumbe, ya leo ni kelele. Neno kwa neno! Hata nukta hawakubadilisha.

Ningevumilia porojo hizi kama zingekuwa na faida kwa muziki unaosifiwa. Hazina. Ukishaugeuza muziki kuwa hotuba ya maadili huna sababu ya kuusikiliza tena, kwa maana hotuba umeshaijua. Ndiyo maana vipindi vyetu huzungusha nyimbo zile zile chache, mtangazaji akisema "enzi hizo bwana" bila kutaja nani alipiga solo, mwaka gani, bendi ilikuwa ya nani. Anayetaka bendi za Tanzania za miaka ya 1960 au taarabu ya Mombasa zikiwa zimesafishwa, zina majina na tarehe, ataagiza Ufaransa, kwenye mfululizo wa Zanzibara wa kampuni ya Buda Musique, uliokusanywa na mtafiti Mjerumani, Werner Graebner. Kanda za Redio Tanzania zilikaa kwenye rafu miaka nenda rudi, na mwaka 2012 Tanzania Heritage Project walilazimika kupitisha bakuli mtandaoni ili kuzinusuru. Wakati huo sisi tulikuwa kwenye kahawa, tunasifia.

Kijana akizigusa ndipo tunapozinduka. Diamond Platnumz alipouchukua wimbo wa Saida Karoli mwaka 2016 akautoa kwa jina la Salome, kelele zilikuwa kwamba ameuharibu. Matokeo yake jina la Saida Karoli, lililokuwa limepoa, likarudi midomoni mwa watu, wakiwamo watoto ambao hawakuwa wamezaliwa alipokuwa akivuma. Wasifiaji wa zilipendwa walikuwa wamemfanyia nini kwa miaka yote ile?

Basi mnaotaka vijana wajifunze kwa wazee, wapeni wazee wazima wazima. Wapeni Siti na kesi yake ya mauaji. Wapeni vijembe vya Royal Navy na matusi ya Marini, wapeni Salum Abdallah akiwaiga Wacuba mchana kweupe. Na soksi za Remmy zipigwe redio ya taifa saa kumi jioni, watoto wakiwa wamerudi shule. Mmoja wao akiuliza soksi hizo ni za nini, yule mzee aliyekuwa akitangaza kwamba muziki wa zamani umejaa mafunzo ndiye amjibu.